Mshikaji kaharibu kazi? Kabla hujamnunia, muulize Git

Na Mwandishi Wetu

ASIKWAMBIE mtu, urafiki wa kazini una mitihani yake. Kuna unaovunjika kwa ajili ya mshiko, kuna unaovunjika kwa ajili ya msichana, na kuna huu wa kwangu, ambao nusura ufe kwa sababu ya mstari mmoja tu ndani ya kompyuta.

Mambo yalikuwa hivi. Mimi na mshikaji wangu niliyesoma naye tulipata dili la kutengeneza programu ya kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa, huko Mbagala. Programu yenyewe ndogo: nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa, riba yake kiasi gani, nani kabakiza deni. Tukapatana bei, tukapewa nusu. Nusu ya pili tukaambiwa tutaichukua mfumo ukishatembea miezi miwili bila kwikwi.

Kazi tuliifanya kienyeji. Yeye anaandika usiku kwao Temeke, mimi asubuhi kwetu Sinza. Akimaliza ananirushia folda kwa WhatsApp. Bando likikata analeta kwa flashi. Baada ya mwezi mmoja kompyuta yangu ilikuwa na folda zenye majina haya: mfumo_mpya, mfumo_mpya_sahihi, mfumo_mwisho, mfumo_mwisho_kabisa na, usicheke, mfumo_mwisho_kabisa_usiguse. Ipi ndiyo yenyewe? Mungu ndiye aliyekuwa anajua.

Siku ya siku mama mwenyekiti akapiga simu. Mama yule hana maneno mengi.

"Wanangu," akasema, "mwenzetu alikopa laki mbili, riba asilimia kumi kwa mwezi. Kalipa riba ya mwezi wa kwanza, karudisha na laki moja. Mwezi wa pili mashine yenu inamdai tena riba ya elfu ishirini. Mbona deni lake halipungui? Anasema tumemwibia."

Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Limebaki deni la laki moja, asilimia kumi yake ni elfu kumi. Mfumo wetu ulikuwa unatoza riba kwenye mkopo wa mwanzo badala ya deni lililobaki. Na wiki tatu nyuma ulikuwa unahesabu sawasawa, maana tuliujaribu mbele ya akina mama wenyewe. Kwa hiyo kuna mtu aligusa. Nani?

"Ni wewe," nikamwambia mshikaji.

"Mimi? Si wewe uliyekuwa unashughulika na mambo ya riba ile Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa nasubiri flashi yako, bwana. Usinibambikie."

"Basi na mimi usinibambikie."

Kurekebisha mstari wenyewe kulichukua dakika kumi. Kununiana kulichukua miezi miwili. Nusu ya pili ya mshiko ikaota mbawa, na kule Mbagala tukaitwa vijana wa longolongo. Mpaka leo hakuna anayejua nani kati yetu aliugusa mstari ule, kwa sababu hatukuwa na kumbukumbu yoyote. Kila mmoja alikuwa na neno lake tu, na neno la mtu aliyekasirika halina ushahidi.

Mwisho ni yeye aliyevunja ukimya. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Narudi, lakini kwa sharti moja. Tunatumia Git."

Dirisha jeusi si la wachawi

Wewe msomaji unayejifunza kuandika programu, au mwenye kaka anayekesha mbele ya kompyuta, bila shaka umeshaliona lile dirisha jeusi lenye maandishi matupu, halina picha wala vitufe. Wenyewe wanaliita terminali. Kwenye sinema ndipo wezi wa benki wanapopigia kazi. Ukweli ni kwamba hapo ni mahali pa kuipa kompyuta amri kwa kuandika badala ya kubonyeza-bonyeza. Unaandika, unapiga Enter, inatii. Ukikosea inakuambia hapo hapo.

Git inakaa humo, na kazi yake ni kutunza historia ya mafaili. Nikueleze kwa lugha ya mtaani.

Kumbuka zile picha za familia za studio. Fundi anapanga watu kwanza: shangazi kaa hapa, mtoto simama mbele, wewe toa kofia. Akiridhika anabonyeza. Picha ikishasafishwa, mama anaigeuza nyuma na kuandika kwa kalamu: Pasaka, shangazi kaja kutoka Tanga. Miaka ikipita ukifungua albamu unajua nani alikuwepo, lini, na kwa nini watu walikusanyika.

Git ni albamu ya kazi yako. Ukiandika git init ndani ya folda, umefungua albamu mpya. Amri ya git add ni kupanga watu: unachagua mafaili yatakayoingia kwenye picha. Kisha git commit -m "rekebisha riba itozwe kwenye deni lililobaki" ni kubonyeza na kuandika nyuma ya picha kwa mpigo mmoja. Picha ya namna hiyo wanaiita komiti. Ukiandika git log, albamu yote inafunguka: nani alipiga picha ipi, tarehe gani, saa ngapi, aliandika nini nyuma yake.

Katikati hapo kuna amri mbili za kukuokoa na aibu. Ya git status inakuambia faili gani limebadilika na lipi limeshapangwa. Ya git diff inakuonyesha ulichobadilisha mstari kwa mstari: kilichotoka kina alama ya kutoa, kilichoingia kina alama ya kujumlisha. Ukijizoesha kusoma git diff kabla ya kila komiti, nusu ya makosa utayakamata mwenyewe kabla mwenzio hajakukamata.

Sasa sikia utamu. Kila komiti inapewa jina la herufi na tarakimu 40, na jina hilo halichaguliwi na mtu. Linakokotolewa kutoka kwenye yaliyomo: mafaili, jina la mwandishi, saa, maelezo, na jina la komiti iliyotangulia. Ukirudi nyuma ukabadilisha hata koma moja, jina la komiti hiyo linabadilika, na za mbele yake zote zinabadilika, kama mnyororo. Kwa hiyo ile tabia ya kufanya kosa na kulifuta kimyakimya, kisha unapiga mluzi, humo haina nafasi. Mwenye nakala ya zamani ataona.

Yenyewe ilizaliwa kwa ugomvi

Ajabu ni kwamba dawa hii ya ugomvi wa waandika programu ilitokana na ugomvi wa waandika programu.

Mfini Linus Torvalds ndiye aliyeanzisha Linux mwaka 1991. Kiini cha mfumo huo, wanachokiita kerneli, ndicho kilichomo hata ndani ya simu za Android. Kinaandikwa na watu wengi mno, waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi hata kuonana. Kuanzia mwaka 2002 Torvalds alikuwa anatunza kazi zao kwa programu iitwayo BitKeeper, mali ya kampuni ya Larry McVoy. Wana Linux walipewa bure, lakini kwa masharti. Mojawapo lilikuwa kwamba anayeitumia bure asijihusishe kutengeneza mshindani wake.

Si wote walioridhika. Kulikuwa na walionung'unika tangu mwanzo kwamba kazi huru haiwezi kufungwa kwenye kufuli la mtu. Kisha Andrew Tridgell wa Australia, anayejulikana kwa programu ya Samba, akaanza kuchunguza jinsi BitKeeper inavyozungumza na seva yake ili atengeneze chombo huru cha kuzungumza nayo. McVoy akaona huko ni kuvunja makubaliano. Mwaka 2005 ruhusa ya bure ikaondolewa. Kimbembe! Mradi mkubwa namna ile ukabaki hauna albamu.

Torvalds hakupenda alichokiona sokoni. Mwanzoni mwa Aprili 2005 akajifungia kuandika chake. Tarehe 7 Aprili, siku chache tu tangu aanze, Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Kwenye maelezo ya komiti ya kwanza kabisa aliiita msimamizi wa taarifa aliyetoka jehanamu. Jina lenyewe nalo ni utani: kwa Kiingereza cha mtaani cha Uingereza, git ni mtu mkorofi, wa hovyo. Torvalds akatania kwamba yeye ni mtu wa kujipenda, kila anachotengeneza anakipa jina lake. Kwanza Linux, sasa Git.

Mwezi Juni mwaka huo huo toleo la Linux namba 2.6.12 likatoka likiwa limetunzwa kwa Git. Julai akaikabidhi kwa Junio Hamano, na toleo la 1.0 likatoka Desemba 2005. Na ile BitKeeper? Mwaka 2016 wenyewe wakaufungua msimbo wake kwa watu wote. Lakini basi lilikuwa limeshaondoka stendi.

Msidhani yeye ndiye wa kwanza. Wazo la kutunza historia ya msimbo lilikuwepo tangu miaka ya 1970, ilipotengenezwa SCCS kwenye maabara za Bell huko Marekani. Ikaja RCS, ikaja CVS, ikaja Subversion. Hizo mbili za mwisho zilitegemea seva moja kuu: albamu ya mjomba, ukitaka kuiona mpaka uende kwa mjomba. Git iligeuza mambo. Kila mshiriki anabeba albamu nzima, kuanzia picha ya kwanza. Kompyuta ya mmoja ikiibiwa au ikiungua, ya mwenzake inatosha kuirudisha kazi yote mpaka pale walipopeana mara ya mwisho.

Bando likikata, kazi inaendelea

Hapo ndipo Git inapotufaa sisi watu wa mjini wenye bando la kubana. Kupiga komiti, kusoma historia, kulinganisha, vyote vinafanyika ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Intaneti unaihitaji wakati wa kupeana tu: git push kupeleka zako, git pull kuchukua za mwenzio. Na hata hapo haipeleki folda zima kama tulivyokuwa tunafanya kwa WhatsApp. Inapeleka kile ambacho upande wa pili hauna.

Huna kompyuta? Simu ya Android inaweza. Kuna programu ya Termux inayokupa dirisha lile lile jeusi, na Git inaingia humo bure. Kidole kitachoka, lakini utajifunza.

Kisha kuna matawi. Tuseme unataka kujaribu hesabu mpya ya gawio lakini hutaki kuharibu inayofanya kazi. Andika git switch -c gawio, unafungua tawi lako pembeni, uharibu utakavyo. Likizaa matunda, unarudi kwenye shina na kuliunganisha kwa git merge. Lisipozaa, unalikata, hakuna aliyeumia.

Mkiwa wawili mmegusa mstari ule ule, Git haijifanyi hakimu. Inasimama, inaweka maneno yako na ya mwenzio pamoja ndani ya faili, juu na chini, na kusubiri. Huo wanauita mgongano. Wengi wakiuona mara ya kwanza wanapata presha. Wala usiogope. Maana yake ni kwamba sasa mnatakiwa kuongea.

Siku niliyoumbuka

Basi bwana, mama mwenyekiti akatusamehe. Akatupa na kazi ndogo ya kuongezea: faini ya wanaochelewa kikao cha saa kumi jioni. Safari hii kila kitu kikaenda kwa Git, mimi Sinza, yeye Temeke.

Wiki ya pili simu ikaita. "Wanangu, mbona hata aliyefika saa kumi kamili anatozwa faini? Kuna mama hapa kafika wa kwanza na bado kakatwa. Leo hawataki kusaini."

Nitasema ukweli wangu: moyo wangu ulifurahi. Nikajisemea, leo nimempata. Maana ile ya riba ilikuwa bado imenikaa kooni. Nikafungua dirisha jeusi nikaandika git blame faini.py. Amri hiyo inaorodhesha faili mstari kwa mstari, na pembeni ya kila mstari jina la aliyeugusa mwisho, tarehe na saa. Nikashuka taratibu mpaka kwenye mstari wa dakika za kuchelewa.

Jina langu. Jumanne, saa tano na dakika arobaini usiku.

Nikasema labda Git imekosea. Nikachukua namba ya komiti ile nikaiandikia git show. Ikanionyesha mabadiliko yenyewe: mstari ulikuwa unasema dakika zikizidi sifuri mtoze, nami nimeongeza alama ya "sawa na", kwa hiyo hata mwenye sifuri anatozwa. Na nyuma ya picha nilikuwa nimeandika nini? "Marekebisho madogo." Aibu ya karne.

Nikaandika git revert pamoja na namba ile. Hiyo haifuti kosa. Inapiga komiti mpya inayotengua ile mbaya, na albamu inabaki na zote mbili, kosa na toba yake. Nikapeleka, mama mwenyekiti akajaribu, akina mama wakasaini.

Halafu nikampigia mshikaji. "Kaka, ile ya faini ni mimi."

"Najua," akanijibu. "Nimeiona tangu asubuhi. Nilikuwa nakusubiri uione mwenyewe."

Ujanja wa kutafuta kosa

Tulikuwa na bahati, kosa lilikuwa la wiki mbili. Je, likiwa limejificha katikati ya komiti elfu moja? Kuna git bisect. Unaiambia komiti ipi ilikuwa nzima na ipi ni mbovu. Inakupeleka katikati, unajaribu programu, unajibu nzima au mbovu, inakata nusu nyingine. Elfu inakuwa mia tano, mia mbili hamsini, na kuendelea. Kwa majaribio kama kumi umeshaifikia iliyoleta balaa. Lakini hiyo inafaa kwa wanaopiga komiti ndogo ndogo. Ukibeba kazi ya wiki nzima kwenye komiti moja, bisect itakufikisha kwenye lundo, na humo utatafuta sindano peke yako.

Na hilo jina la blame, ambalo maana yake ni lawama, lisikupoteze. Linakuonyesha aliyeugusa mstari mwisho, na huyo pengine alisogeza nafasi tu au alirekebisha tahajia. Mwenye kosa anaweza kuwa wa nyuma yake. Tena Git inaamini jina ambalo kila mtu amejiandikisha kwenye kompyuta yake, haiombi kitambulisho. Soma historia yote ndipo ufungue mdomo.

Ya kuchunga

Kabla hujakimbilia dirisha jeusi, shika haya manne, yote yameshaliza watu.

Kwanza, nywila. Ukipiga komiti yenye nywila ya seva, kuifuta kesho hakusaidii, picha ya jana bado imo kwenye albamu. Ukiwa umeshaipeleka nje, ibadilishe nywila yenyewe mara moja. Mafaili ya siri yaandike majina yake kwenye faili la .gitignore mapema ili yasipangwe kwa bahati mbaya.

Pili, git reset --hard. Amri hiyo inakurudisha nyuma na kufagia kazi yoyote ambayo haijapigwa komiti, na hiyo Git haiwezi kukurudishia. Iliyopigwa komiti ina nafuu: git reflog inakumbuka ulikopita, kwa kawaida kwa siku zisizopungua 30. Ndiyo maana wajanja wanapiga komiti kila wanapomaliza kajambo.

Tatu, git push --force. Inalazimisha historia yako ikae juu ya ya wenzako kule mnakopeana. Kwenye tawi la watu wengi, huo ni mwanzo mpya wa kununiana.

Nne, komiti isiyotoka nje ya kompyuta yako haijakuwa nakala ya akiba. Mwizi akiibeba kompyuta kabla ya git push, ameibeba na albamu.

La nyongeza ni hili: andika maelezo yanayoeleweka nyuma ya picha. "Marekebisho madogo" hayamsaidii mtu. Andika umebadilisha nini na kwa nini, ili wewe wa miezi sita ijayo usije ukamtukana wewe wa leo.

Juzi tumelipwa nusu ya pili, tukakaa kijiweni kwa kahawa na kashata. Nikamuuliza mshikaji lile lililokuwa linanikera: "Na ile ya riba, unadhani alikuwa nani?"

Akanywa kahawa yake taratibu. "Ile hatutajua. Haikupigwa picha."

"Sasa?"

"Sasa tugawane. Nusu yako, nusu yangu."

Tukapeana mikono. Kahawa nililipa mimi.